Niandike Shilingi Ngapi?

"Niandike shilingi ngapi, shangazi?"

Binti aliyeniuliza alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa nyumba ya kaka yangu, hapa Mtongwe, Likoni, kaunta buku magotini, kalamu ya biki mkononi. Ulikuwa usiku wa kupamba, mwezi wa Desemba, shule zimefungwa. Nyuma yangu wanawake wamejipanga na mabuibui yanayonukia udi, ndani taarabu inalia, na kila anayeingia anataja alichokuja nacho. Aliyenitangulia aliandikiwa elfu tatu taslimu. Aliyemtangulia yeye aliandikiwa seti ya sufuria, na bei yake pembeni. Mimi nilikuwa nimekumbatia kitu kipana, nimekifunga kwa leso.

"Ni kioo," nikamwambia.

"Cha bei gani?"

"Hakina bei. Ni cha mkono, nimekitengeneza mwenyewe."

Nilisema kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika. Ukiniuliza nitakwambia ni kwa sababu ya taarabu. Kweli yenyewe ni kwamba nilitaka walio nyuma yangu wasikie.

Binti akaandika. Nikaingia, nikala pilau, nikarudi kwangu nimetosheka. Siku ya tatu wifi yangu akanipigia simu. Walikuwa wameketi na daftari wanalinganisha kilichoandikwa na kilicholetwa. "Wifi," akasema, "kile kioo chako cha mkono twakitafuta hatukioni. Nahisi watoto wamekichukua."

Kioo cha mkono! Kile chenye mpini wa plastiki kinachotembezwa pale kivukoni, cha kutazamia wanja. Binti alikuwa amelisikia neno moja katika kelele zile akaliandika: jina langu, kisha "kioo cha mkono". Na kioo chenyewe, kilichonila wiki tano, kilikuwa kimeegemezwa ukutani chumbani kwa bi harusi, kila aingiaye anakisifu, na hakuna ajuaye kimeletwa na nani.

Nilimsahihisha wifi kwa maneno mengi. Nilipokata simu mkono ulikuwa unatetemeka. Ndipo nikajiuliza: zawadi imefika, imependeza, iko kwa aliyekusudiwa. Sasa ninalilia nini?

Mimi ni mwalimu wa madrasa, mwaka wa 22 huu. Majibu ya swali hilo ninayo, nimeyafundisha watoto wa watu wakayahifadhi. Lakini jibu la kuhifadhi na jibu la kupatikana nalo ni vitu viwili.

*

Nianze kwa kulitetea daftari, maana ni rahisi kulisema vibaya. Anayelicheka hajaozesha. Jina langu likiandikwa leo kwa elfu moja, siku yangu itakapofika elfu moja ile itarudi, pengine na nyongeza, na arusi ya mtoto wa mjane itasimama kama ya mtoto wa mwenye duka. Ni akiba ya wanawake, tena imefungwa kwa haya, kufuli ambayo haivunjiki kirahisi.

Lakini haya ina ndugu yake, nayo ni fahari. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za lelemama huko kisiwani, vyama vya Ibinaal Watan na Banu Saada vilivyoshindana kwa ngoma, mavazi na karamu, hawa wakitia fora leo, wale kesho wanauza dhahabu ili wawapiku. Alikuwa akicheka anaposimulia, nasi tunacheka. Siku ile ya simu nilijua kwamba ushindani ule haukufa. Mimi niliutia ndani ya kioo.

Kuna methali yetu kila mtu huijua: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Usambe, yaani usiseme. Huwa twaitumia kumfariji asiye na kitu. Siku hizi mimi naisikia ina makali. Imemwondolea maskini aibu, na hapohapo imemwondolea kinga. Ikiwa zawadi ni moyo, basi kitakachopimwa ni moyo, wa mwenye mia kama wa mwenye laki. Siwezi kusema, "Mimi sina pesa, kwa hivyo nia yangu ni safi." Hayo mawili hayahusiani.

*

Pesa kweli sikuwa nazo. Nilikuwa na shilingi 1,200. Nilivuka feri, nikapita Biashara Street kuanzia mwanzo hadi mwisho, nikarudi mkono mtupu. Kwa pesa ile sikuona kitu ambacho kingeonekana kati ya masufuria ya watu. Niliyaweka maneno hayo kichwani kama yalivyo, "kitu kitakachoonekana", wala hayakunishtua.

Wazo la kioo nilipewa na vifuu. Likoni kila nyumba ina vifuu: nazi ikishakunwa, kifuu huenda jikoni kuwasha moto, au kikipata bahati hutiwa mpini kikawa upawa. Jirani yangu anayepika viazi vya karai alinikusanyia gunia zima bila malipo. Kioo chenyewe nilikipata kwa fundi wa vioo, kipande kilichobaki katika kazi ya mtu. "Cha dirisha ama cha kujitazama?" akaniuliza, kwa sababu Kiswahili chetu kimeviita vyote viwili kioo. Nikamwambia cha kujitazama. Akaweka rula, akapitisha kikata chake chenye kigurudumu kidogo mara moja tu, bila kurudia, akasogeza kioo ukingoni mwa meza na kukikandamiza. Tak. Inchi 18 kwa 24, shilingi 350.

Fremu nilitengenezewa na fundi seremala wa mtaani kwetu, mzaliwa wa Wamunyu, mzee wa kanisa, ambaye ujana wake aliumalizia Changamwe akichonga vinyago katika Akamba Handicraft, ushirika ulioundwa mwaka 1963. Siku hizi anaunda vitanda. Aliniletea mbao za paleti kutoka yadi moja ya makontena kule Changamwe, shilingi mia. Kabla ya kupasua alinionyesha muhuri. Paleti yenye herufi HT imepashwa joto, nyuzi 56 hadi kwenye kiini kwa dakika 30, ili wadudu wasivuke bahari pamoja na mzigo. Yenye MB imefukizwa kwa dawa ya sumu. "Hiyo ya MB usiingize nyumbani, Mwalimu, hata kama ni ya bure."

Gundi nyeupe ya mbao 180. Msasa karatasi mbili, 60. Vanishi 250. Hadibodi ya mgongoni 80, misumari 20, ndoano na waya 50. Jumla 1,090, na 110 zikabaki.

Kazi ya vifuu niliifanya mwenyewe, usiku baada ya Isha. Unaloweka kifuu, unakwangua makumbi kwa kisu mpaka kiwe kitupu, unakisugua kwa msasa ndani na nje, halafu unakipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa. Hapo ndipo kinapokushangaza. Kitu ulichokuwa ukikitupa motoni kinatoka rangi ya tende, na michirizi myembamba kama ya mbao ya bei. Kisha unakivunja kwa nyundo, taratibu, ukikilaza juu ya mchanga.

Fundi seremala alipita jioni moja akaokota kipande. "Hivi ni vikubwa," akasema. "Kifuu ni mviringo. Ukikata kipande kikubwa kitagusa mbao kwa kingo tu, katikati patakaa upepo. Kata kama ukucha wa kidole gumba, kitalala."

Vyangu vilikuwa kama upande wa kiberiti. Nikamwambia vidogo havitaonekana, vitafanana na kokoto. Akainua mabega. "Fremu ni yako, Mwalimu."

Aliniambia jambo la pili, kwamba kioo huingia mwisho, kazi ikishakauka. Hilo nalo sikulisikia. Nilikitia mapema nipate kuona itakavyokuwa. Kwa hivyo wiki mbili za mwisho nilibandika vipande huku nikijiona nikibandika. Miwani puani, kitambaa kichwani, mkono unakwenda na kurudi. Nilikuwa nikiinua macho mara kwa mara. Nilijipenda vile nilivyokuwa nikihangaika.

*

Kiarabu kina kitenzi kimoja, *raa*, kuona. Katika mzizi huo hutoka *mir'ati*, kioo. Katika mzizi huohuo hutoka *riya*, kutenda jema ili uonekane. Wanafunzi wangu huyajua maneno yote mawili, na mimi ndiye niliyewafundisha, lakini sikuwahi kuyaweka jirani mpaka nilipokuwa na hasira ya daftari.

Kuhusu riya vitabu vyetu havina huruma. Imo katika mapokezi ya Imam Ahmad kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliuhofia zaidi umma wake shirki ndogo, na alipoulizwa ni ipi akaitaja riya. Na katika Sahihi ya Muslim imo habari ya watu watatu watakaotangulizwa kuhukumiwa: aliyekufa vitani, aliyesoma na kufundisha, na aliyetoa mali. Kila mmoja atataja amali yake, na kila mmoja ataambiwa kwamba alitenda ili watu waseme, na watu wamekwisha kusema. Deni limelipwa, hakuna cha kungoja. Hadithi hii niliisomesha kwa miaka mingi nikimhurumia yule tajiri. Sikutazama vizuri kwamba wa pili ni mwalimu.

Lakini aliyenifunga mlango kabisa ni Imam Al-Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111. Katika kitabu chake *Ihyaa* anazihesabu njia ambazo mtu hujionyesha: kwa mwili wake, kwa mavazi, kwa maneno, kwa vitendo, kwa wanaomzunguka. Na anapofika kwenye mavazi hamtaji mvaa hariri tu. Anamtaja pia anayevaa nguo nzito yenye viraka ili watu waseme, tazama mcha Mungu huyu. Kumbe umaskini nao huvaliwa. Kiraka kinaweza kuwa kidani.

Hapo nikakiona kioo changu. Nilidhani kutokuwa na pesa kumeniweka nje ya mashindano ya masufuria. Kumbe nilikuwa nimeingia kwenye mashindano mengine, yenye washindani wachache: ya nani ametoa jasho. Aliyeleta elfu tatu aliitaja elfu tatu yake akapita. Mimi nilitaka vitajwe vifuu, msasa, wiki tano na mwalimu mwenyewe. Zawadi ya dukani humwacha mtoaji nyuma yake, akishalipa amekwisha. Ya mkono humfuata ndani hadi ukutani. Sisemi ya dukani ni bora. Nasema ya mkono ina mtego wake, na mtego huo hausimuliwi na wale wanaotusifia kazi za mikono.

*

Nilimsimulia fundi habari ya daftari, nikitarajia anihurumie. Alicheka mpaka akaweka randa chini.

"Kioo cha mkono! Lakini Mwalimu, si mkono ulitumika?"

Kisha akaniambia habari mbili. Ya kwanza, alipokuwa Changamwe alichonga twiga na vifaru asivyoweza kuvihesabu, kwanza vya mpingo na muhugu, baadaye vya mwarobaini miti ile ilipoadimika. Vilikwenda Ulaya na Marekani. Chini ya kila kimoja hakuandika jina, aliandika namba yake, ili kikiuzwa apate haki yake. "Namba ni ya malipo," akasema. "Jina ni la nini? Mzungu hatanijua."

Ya pili aliitoa katika Biblia yake, kitabu cha Kutoka, sura ya 38. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani wanatengeneza hema la ibada, walihitaji birika la makuhani kunawia mikono na miguu. Shaba yake ilitoka kwa wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, nao walitoa vioo vyao. Vioo vya zamani vilikuwa vya shaba iliyosuguliwa. Vikayeyushwa vikawa birika.

"Na majina yao?" nikauliza.

"Hayamo. Fundi jina lake limo, Bezaleli, limetajwa mara nyingi." Akacheka tena. "Mafundi tuna bahati."

Nililifikiria sana birika lile. Mwanamke jangwani ana vitu vichache, na kioo ni kile anachojionea uso wake. Anakitoa, kinayeyushwa pamoja na vya wenzake, na hata yeye mwenyewe hawezi tena kusema upande huu ndio wangu. Hakuna uso uliobaki ndani ya birika. Kilichobaki ni maji, na watu wanaotakata.

Tulipoagana nilimtajia hadithi ya watu saba watakaokuwa kivulini siku isiyo na kivuli, na mmoja wao ni yule aliyeificha sadaka yake hata mkono wa kushoto usijue wa kulia umetoa nini. Akaniangalia. "Hiyo ni yetu," akasema. "Mathayo sita." Nikamwambia ni yetu pia, Bukhari na Muslim. Hatukubishana. Katika habari ya mkono wa kushoto wote wawili tulikuwa na deni.

*

Mwezi wa Juni, masika inamalizika, nilikwenda Chaani kumwona mpwa wangu, yule bi harusi. Wamepanga vyumba viwili karibu na barabara, malori ya bandarini yanapita usiku kucha. Kioo nilikiona mara tu nilipoingia sebuleni, na nilipokiona nikamwona naye anavyoniangalia.

Fremu ilikuwa na mapengo. Upande wa juu ulikuwa mzima, wa kushoto umebaki nusu, na chini mbao ya paleti ilionekana peupe kama ufizi. Gundi ile nyeupe haipendi unyevu, na masika ya pwani ni unyevu mtupu. Lakini unyevu ulikuwa umefanya nusu ya kazi tu. Nilipochukua kipande na kukigeuza, gundi ilikuwa imeshika kwenye kingo peke yake, mistari miwili myembamba, na katikati hapakuwa na kitu. Upepo, kama fundi alivyosema.

Mpwa wangu alileta mkebe wa Blue Band. Alikuwa ameviokota vipande vyote, kimoja kimoja, kila alipofagia. "Nisamehe, shangazi. Nilikuwa naona haya kukwambia."

Nilikaa chini na ule mkebe mapajani. Vilivyoanguka vyote vilikuwa vile vikubwa. Pembeni, mahali ambapo nafasi ilikuwa finyu na sikuwa na budi kubandika vidogo, hakuna kilichotikisika. Hakuna mtu aliyenihubiria siku ile. Kifuu kilitosha. Nilikikata kipande kikubwa ili kionekane, na ukubwa uleule ndio uliokizuia kushika.

Kioo chenyewe kilikuwa safi. Mpwa alikifuta kwa upande wa leso, akaniita nije nitazame, na tukawa wawili humo, yeye na tumbo lake la miezi mitano, mimi na miwani. Tulipoondoka hatukubaki humo. Mtume alimfananisha muumini na kioo kwa muumini mwenzake, imo katika Abu Daud, na walimu wetu huifafanua hivi: kioo hukuonyesha doa lako wewe peke yako, hakikupigii kelele sokoni, na ukishaondoka hakibaki na habari yako. Miaka yote nilifundisha kana kwamba mimi ndiye kioo na wengine ndio wenye madoa.

Kuna Imam mmoja wa zamani, Fudhail bin Iyadh, alikuwa mnyang'anyi wa njiani kabla ya kutubu. Yeye amenisaidia nisianguke upande wa pili. Alifundisha kwamba kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni riya. Yaani siwezi kusema, kwa kuwa nia yangu ina doa, basi sitatoa tena, au sitatengeneza tena kitu kwa mkono. Hiyo pia ni kujitazama. Na Qur'ani, Baqara aya ya 271, inasifu sadaka ya wazi na kuifanya ya siri kuwa bora zaidi. Ya wazi haikukatazwa. Dawa si kukivunja kioo. Dawa ni kukaa chini na kuvunja vipande vikubwa viwe vidogo.

Ndivyo tulivyofanya. Alasiri nzima, mimi na mpwa, nyundo ya jirani na kopo la mchanga. Kila kipande kilitoa vinne, na kila kimoja nilikisugua mgongo mpaka kikawa bapa. Gundi safari hii ilikuwa isiyoogopa maji, mume wake aliipata kazini kwake. Sikuipenda fremu mpya kama ile ya kwanza. Ukiwa mlangoni huvioni vifuu, unaona rangi tu. Ukisogea ndipo unaviona, na ukisogea hivyo kitu cha kwanza unachokiona ni uso wako.

Najua na hili nililoandika ni daftari jingine. Kuna atakayesoma akasema, mwalimu yule mnyenyekevu. Sina la kumjibu ila kumsimulia mwisho wa habari hii, ambao haunipi sifa.

*

Watoto wa madrasa waliniuliza siku moja, moyo unapataje kutu? Tulikuwa katika sura ya 83 ya Qur'ani, aya ya 14. Niliwaeleza kwamba kioo walichokizoea, cha kioo na fedha nyuma yake, hakijatimiza miaka mia mbili: ni mkemia wa Ujerumani, Justus von Liebig, aliyeonyesha mwaka 1835 namna ya kutandaza fedha ile. Kabla yake mafundi wa Venice walitumia bati na zebaki. Na zamani za Mtume kioo kilikuwa madini yaliyosuguliwa, ukikiacha kinafifia, kinashika kutu, hujioni. Ndiyo maana wahenga wa dini wakizungumzia moyo huzungumzia kusugua.

Nilipomaliza nikarudi mwanzo wa sura ili tusome pamoja, na sauti ikanikwama. Sura hii inaitwa Al-Mutaffifin, wapunjaji. Kabla ya kutu kuna kibaba. Inaanza na mtu anayetaka kujaziwa kipimo chake mpaka juu, lakini zamu yake ya kumpimia mwenzake ikifika hupunguza.

Jioni nilifungua sanduku nikatoa daftari langu mwenyewe, la arusi ya binti yangu mkubwa, miaka tisa nyuma. Nililiandika kwa mkono wangu. Elfu mbili, elfu tano, blanketi, dinner set na bei yake. Na kwenye ukurasa wa nne, jina la jirani yetu wa zamani, mama mmoja mtu mzima, na mbele yake maneno mawili: *mkeka 1*.

Mkeka ule naukumbuka. Ulikuwa wa ukindu, wa rangi tatu. Mtu huchuma ukindu, huuanika, huuchana, huutia rangi chunguni, husuka ukili mrefu wa upana wa vidole vitatu, pima baada ya pima, kisha huushona ukingo kwa ukingo kwa sindano nene mpaka mkeka upatikane. Hiyo ni miezi. Sikuandika rangi, sikuandika ukindu, sikuandika kwamba aliusuka mwenyewe macho yake yameanza mtoto wa jicho. Na mjukuu wake alipoolewa, nililitazama daftari, nikaona mkeka mmoja, nikapeleka mche wa sabuni na shilingi mia mbili. Niliona nimezidisha.

Kwa neno moja lililokosewa mimi nilitetemeka. Yeye hakupiga simu.

Siku hizi anaishi kwa mwanawe Mtopanga. Jumamosi iliyofuata nilivuka feri nikiwa na kilo mbili za sukari na pakiti ya tende, nikapanda matatu, daraja la Nyali, Kongowea, Bombolulu, hadi kituo cha mwisho cha safari yangu. Nilimkuta barazani. Macho yamekwisha, lakini vidole vilikuwa vinasuka, ukili umejikunja miguuni pake kama nyoka aliyelala. Nilimpa mkono, akaushika akaupapasa, akanijua kwa sauti.

Nilikuwa nimejiandaa tangu kwenye feri. Nilimwambia nimekuja kumwomba radhi kwa ajili ya ule mkeka wa arusi, kwamba niliuandika vibaya na kuulipa vibaya, na kwamba nilitaka kujua ulimchukua muda gani.

Vidole havikusimama. Aligeuza uso kidogo upande wangu, kama anayetafuta kitu mbali.

"Mkeka gani, mwanangu?"